Mashamba Mawili ya Mke Wangu

Mke wangu ni mkulima wa mashamba mawili. La kwanza liko baharini, hatua chache kutoka nyumbani kwetu kusini ya Msambweni, nalo limepandwa mwani. La pili liko ndani ya simu yake, nalo limepandwa kila kitu: mahindi, ngano, karoti, na matunda ambayo hata mimi ninayepika hotelini sijapata kuyaona kwa macho. Huko ndani ya simu ana ng'ombe weupe, ana kuku wasiojua ugonjwa wa kideri ni nini, na ana kiwanda cha mikate kinachooka chenyewe. Leo ninapoandika haya, alasiri imekwisha kuswaliwa na ameketi kibarazani, miguu ameinyoosha, anavuna. Punde atainua kichwa aniulize kama maharagwe yameiva. Siku zangu za mapumziko mpishi wa nyumba ni mimi, na mke wangu hana huruma na mpishi anayechelewesha chakula.

Wapita njia wakimwona hivyo husema, mwanamke mzima na michezo ya watoto! Mimi huwaacha waseme. Wangejua alivyofika mahali pa kucheza namna hiyo, simu mkononi na moyo umetulia, wangemwamkia kwa heshima. Mimi ni mumewe na bado nikimtazama nashangaa.

Kwa msomaji wa bara nieleze jambo moja la bahari yetu, maana bila hilo hadithi hii haiendi. Bahari ina kalenda yake na haijali Jumatatu wala Ijumaa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, mtu akatembea mchangani mahali ambapo siku chache kabla alihitaji mtumbwi. Siku hizo ni za bamvua. Baina ya bamvua moja na jingine kuna maji mafu: bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo, inajikokota tu, na mashamba ya mwani yanabaki chini ya maji. Kwa hiyo mkulima wa mwani kazi yake ni bamvua. Maji yakikupwa asubuhi anashuka, anakagua kamba zake zilizotandazwa baina ya vigingi, anang'oa majani mabaya, anavuna uliokomaa na kufunga mbegu mpya, yaani vipande vya mwani wenyewe. Maji mafu yakiingia, anapumzika, au anaanika, au anashughulika na nyumba. Mtoto wa huku hafundishwi jambo hilo na mtu. Anakua nalo.

Shamba la mke wangu aliachiwa na mama yake. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa katika wanawake wa mwanzo kupigilia vigingi pale, wakati waume zao wakiwacheka kwamba wanapanda takataka za bahari. Vigingi vyenyewe alivichonga kwa mkono wake, na vilivyooza alivibadilisha kimoja kimoja. Alipokuwa mgonjwa hakuuliza sana habari za nyumba. Aliuliza kama kamba zimekazwa. Basi shamba hilo si kipande cha bahari tu. Ndilo alilobaki nalo mke wangu kwa mama yake, na mimi nililijua hilo kabla hajaniambia.

Mama alipokufa, mke wangu akawa anashuka baharini peke yake. Mimi nakaa Diani siku za kazi, naoka keki za wageni, narudi nyumbani siku ya mapumziko. Nilimnunulia simu nzuri ili niwaone watoto wakati wa chakula cha jioni. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeutia mchezo wa shamba ndani ya simu hiyo, akaucheza kwa muda, akauchoka. Mama mtu akauokota.

Mwanzoni nilifurahi. Nikipiga simu nilimkuta mchangamfu, ananieleza kwamba amefungua bwawa la samaki, mara amepata mashine ya kukamua siagi. Nikacheka naye. Nilijua pia kwamba baharini mambo hayakuwa mazuri. Maji yamekuwa ya moto miaka hii, kila mkulima analalamika. Mwani unafungwa ukiwa na afya, bamvua likirudi unaukuta umepauka, laini, unakatikia mkononi. Siku moja aliniambia neno ambalo lilinichoma. Alisema, "Baba watoto, kwenye simu hakuna kinachopauka. Ukipanda, kinaota. Ukirudi, unakikuta."

Nisingeweza kulipinga neno hilo hata kama ningetaka.

Lakini mchezo ule, jamani, una akili ya kumfunga mtu. Haukuruhusu uende zako. Mahindi yanaiva baada ya dakika chache, ngano baada ya saa, ng'ombe wanalia njaa, na kila siku kuna zawadi ambayo ukikosa kuichukua inaanza upya kutoka mwanzo. Halafu kuna vikundi. Wachezaji wanajiunga pamoja, kila wiki wanashindana na vikundi vingine, na mke wangu akaingia katika kundi la wanawake wa Unguja, wa Tanga, wa Maskati na wa sijui wapi. Hawajaonana uso kwa uso, lakini wanaandikiana kutwa. Kabla ya muda mrefu wakamfanya kiongozi wao. Mtu aliyepewa uongozi na watu wa Maskati ataanzaje kuinama maji yamfike kiunoni kung'oa majani kwenye mwani uliokwisha kupauka?

Nikawa nikipiga simu naambiwa, "Subiri kidogo, navuna." Nikiwa nyumbani nazungumza naye, ananijibu mhm, mhm, macho yako kwingine. Wali ukaungua katika nyumba ya mpishi. Watoto wakajifunza kwamba ukitaka ruhusa ya jambo lolote, muombe mama wakati ng'ombe wanakamuliwa. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na siku hizo zilikuwa karibu zaidi. Jikoni kwetu hotelini nilimsimulia mwenzangu mmoja wa bara, mtu mzima mwenye familia yake, naye akatikisa kichwa. "Mzee wangu," akasema, "mi' ile game ya mpira ilinimaliza kabisa. Nilifuta mara ngapi, nikairudisha! Hiyo kitu haitoki kwa simu, inatoka kwa roho." Nikamwambia aangalie krimu yake isikatike.

Bamvua likaja, mke wangu akasema kesho. Kesho yake mashindano ya kundi yalikuwa yanafika mwisho, akasema kesho. Bamvua likapita. Likaja la pili, likapita vivyo hivyo, na huku shambani kamba zikalegea, mwani ukaota ndevu za majani machafu, vigingi vya mama yake vikasimama kama vya mtu aliyehama.

Na hapo likatokea jambo ambalo watu wa kijijini kwetu wanalicheka mpaka leo. Mke wangu alipozinduka, aliamua asubuhi moja kwamba leo ni leo. Akajifunga kanga mbili, akabeba furushi la kamba na kisu, akashuka pwani kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli. Alipotokeza ufukweni akakuta bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, imetulia tuli. Yalikuwa maji mafu. Siku zake alikuwa akizihesabu kwa mashindano ya kwenye simu, mwezi hakuutazama, na wiki nzima ilikuwa imempotea bila yeye kujua. Mtoto wa pwani, binti wa mkulima wa mwani, ameshuka na kisu kuvuna siku ya maji mafu! Bibi mmoja aliyekuwa akiosha sufuria pale akamtazama juu mpaka chini, akamwuliza, "Mwanangu, unaenda kuogelea na kisu?"

Akarudi nyumbani, akafunga mlango. Aliponipigia simu hakusema navuna. Alisema, "Nimekwenda baharini maji mafu," kisha akalia. Nilikuwa nimeshika trei ya moto, sikujua niiweke wapi.

Aibu ile ingekwisha na vicheko vyake vingekwisha. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko aibu. Kikundi chao cha wanawake wakulima wa mwani hapa kijijini kina kanuni: mahali pazuri pa kupandia ni pachache na wanaotaka ni wengi, kwa hiyo shamba likipitisha mabamvua mawili mfululizo bila mkono wa mwenyewe, linachukuliwa na kupewa anayengoja. Na anayengoja alijulikana. Alikuwa msichana aliyeolewa kijijini kwetu kutoka Vanga, mpole, ndoa yake bado mbichi, mume wake kibarua wa miwa huko Ramisi. Shamba lolote litakaloanguka lilikuwa lake. Safari hii lililokuwa likianguka ni lile la marehemu mkwe wangu.

Sasa sikilizeni wanawake wenzake walichofanya, na sisemi kwa kuwalaumu, walikuwa wakimpenda. Walitafuta njia ya kumwokoa, wakaipata. Mtu mmoja alikuwa amemwona yule msichana wa Vanga akitembea kandokando ya vigingi vya mke wangu, akiviangalia. Basi hiyo ni husuda, wakasema. Ametia jicho. Kwani mwanamke hodari kama yule, binti wa mama yule, aache shamba lake bure? Tena ashuke na kisu maji mafu? Hiyo si akili yake, hiyo ametiwa. Shangazi yake mmoja akaja nyumbani na kumfundisha namna ya kusema. "Wewe sema tu kwamba kila ukitaka kushuka moyo ulikuwa unakuwa mzito. Mengine tuachie sisi."

Njia ilikuwa nyeupe. Mgonjwa kanuni haimgusi, na aliyetiwa jicho huhesabiwa mgonjwa. Angesema neno lile moja, shamba lingebaki kwake, kicheko cha kisu kingegeuka kuwa huruma, na hata mimi ningepewa pole. Kuhusu yule msichana wa Vanga, ndoa changa haistahimili tuhuma kama ile. Angerudishwa kwao.

Mkutano ulifanyika siku yangu ya mapumziko, kwenye banda lao la kuanikia mwani. Wanaume hawaingii, lakini ukuta wa makuti hauzuii sauti, na mimi nilikuwa nje nikijifanya nageuza mwani juani. Nilisikia salamu, nikasikia Fatiha, nikasikia mwenyekiti wao akikohoa. Ni mama wa makamo, mnene, mkali, ambaye nikimwona naamkia kabla hajanifikia. Akasema kuna shamba limeachwa, na mwenyewe ajieleze.

Mke wangu akasema, "Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Nimesikia kwamba nimetiwa jicho. Sikutiwa na mtu. Mtoto wa watu wa Vanga hana kosa, na kama aliviangalia vigingi vyangu, aliangalia kitu kilichoachwa na mwenyewe. Mimi nilikuwa mzima. Bamvua nililiona likija nikasema kesho. Nina mchezo ndani ya simu, na mchezo huo nimeupenda mpaka nikausahau mwezi. Basi. Sina jingine."

Shangazi mtu akaguna kwa uchungu. Kisha nikasikia kicheko kimoja, na sauti ikauliza, mchezo gani huo, hebu tuuone.

Akautoa. Nikachungulia kwenye tundu la makuti, Mungu anisamehe, nikaona vichwa vyote vimeinama juu ya simu. Mwenyekiti akaichukua, akaivuta mbali na macho yake wafanyavyo watu wa umri wake. "Na huyu ng'ombe anakamuliwa vipi?" Akaelekezwa. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa tahadhari. "Lo! Kumbe anatoa!" Akabonyeza wa pili. Akabonyeza wa tatu. Mtu akamwambia kwamba mahindi nayo yameiva, akavuta kidole juu ya mahindi, yakaruka yote yakaingia ghalani kwa mlio mtamu, na wanawake wote wakasema aaah. Akaendelea. Ghafla akasimamisha mkono, akamrudishia mke wangu simu yake haraka haraka.

"Chukua kitu chako, mwanangu," akasema. "Hiki kitanipitishia swala."

Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo. Nadhani kila mmoja alikuwa amekiona kwa macho yake na kukielewa. Lakini kanuni ni kanuni, na mwenyekiti hakuwa mtu wa kuivunja kwa sababu ya kukamua ng'ombe wawili watatu. Alisema kwamba msema kweli atapewa nafasi moja. Bamvua linalokuja, mpaka siku yake ya mwisho, kila kamba ya shamba lile iwe imefungwa mbegu na kukazwa. Ikibaki hata moja, shamba zima linakwenda kwa anayengoja. Msichana wa Vanga alikuwa amekaa pembeni kabisa, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

Tulipofika nyumbani mimi nikaja juu. Nilitaka simu ile iondoke, au angalau mchezo ufutwe mbele ya macho yangu. Mke wangu akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, maana anajua hasira zangu hazina mafuta mengi.

"Nikiufuta leo kwa ajili yako," akasema, "kesho utakuwa Diani, nami nitaurudisha. Sitaki kuanza kukudanganya."

"Basi nipe simu niondoke nayo."

"Hapana. Nikikupa, wewe utakuwa askari na mimi mfungwa, na mfungwa kazi yake ni kutafuta mlango. Niachie. Nitaufunga mwenyewe."

Yule niliyekuwa nimejiandaa kumwokoa ndiye aliyekuwa anajua zaidi yangu jinsi ya kujiokoa.

Akaketi, akaliandikia kundi lake la kwenye simu, akanisomea kwa sauti kabla ya kulituma. Aliwaambia kwamba yeye ni mtu wa bahari, anaishi kwa mwezi, na kuanzia sasa bamvua likiingia hataonekana kabisa. Uongozi anaurudisha, wampe mwingine. Wakitaka kumtoa kundini atawaelewa. Alipomaliza kutuma akaiweka simu chini polepole kwa mikono miwili. Watu wanaoona ni jambo dogo kuacha cheo cha mchezo hawajawahi kuwa na cheo kimoja tu maishani. Kule hakuwa mke wa fulani wala mama wa fulani. Alikuwa kiongozi. Mmoja wa wale wa Maskati alimjibu kwamba hakuna wa kumtoa, na kwamba yeye mwenyewe ana mtoto ambaye ameacha kumsemesha kwa sababu ya mambo haya haya.

Siku za maji mafu zilizobakia akajiwekea mpaka wake. Atacheza baada ya kuswali alasiri mpaka adhana ya magharibi, basi. Aliuchagua mpaka huo kwa sababu saa ya simu ingemdanganya, lakini mwadhini hadanganyi. Niliomba ruhusa kazini nikabaki nyumbani wakati ule, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Siku ya kwanza adhana ilimkuta katikati ya mavuno. Shamba la kwenye simu limeiva lote, dhahabu tupu, kidole chake kiko hewani. Allahu Akbar ya kwanza. Kidole hakikushuka wala hakikuondoka. Nikashika ulimi wangu kwa nguvu zote. Allahu Akbar ya pili, akaizima simu, akaipindua kifudifudi mkekani, mahindi yakabaki yamesimama. Akaenda kutawadha. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi yetu, na harusi yetu ilikuwa nzuri.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Alikuwa mkali kama pilipili mbichi. Vidole vyake vilikuwa vikichezacheza juu ya meza vikitafuta kitu. Ili kuvipa kazi, akawa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba hapo hapo uani. Mbegu alipewa na wenzake, maana huku kwetu mkulima aliyeishiwa mbegu hanyimwi, hata awe amekosa. Tulifunga sote. Watoto walifunga. Mimi nilifunga, na yeye akafungua nyuma yangu na kufunga upya, akisema mafundo yangu ni ya kupambia keki.

Bamvua likaingia. Asubuhi ile akaizima simu kabisa, akaiviringisha katika kanga ya mama yake, akaiweka kabatini. Hakumpa mtu ufunguo wa kabati wala hakuuficha, uliachwa pale pale kwenye tundu lake. Kila siku tulishuka maji yalipokupwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa uchafu, kwa mikono, kigingi kwa kigingi, na vilivyolegea kuvipigilia upya. Wenzake walikuwa na mashamba yao ya kuhudumia, bamvua halimngoji mtu. Walipita wakisema kazi njema, wakaendelea. Mwenyekiti alipita akitazama tu.

Mimi mtu wa jikoni. Mgongo uliniambia maneno mabaya siku ya kwanza tu. Yeye alikuwa ameinama tangu maji yanapofika magotini yakitoka mpaka yanapofika magotini yakirudi, na sikumsikia hata mara moja akisema amechoka. Wakati mwingine alizungumza peke yake. Nilidhani anahesabu kamba, nikasogea, nikasikia anazungumza na mama yake. Anamweleza ni kigingi gani amekibadilisha.

Siku ya mwisho ya bamvua tuliona mapema kwamba hatutamaliza. Upande wa kuelekea kina kirefu ulibaki, kamba zimefungwa mbegu, ziko tayari ndani ya kapu, lakini hazijatandazwa wala kukazwa. Mimi nilipokaza kamba ilikazika kidogo ikafunguka. Maji yalikuwa yamegeuka. Unayahisi kwanza kwenye vifundo vya miguu, ya baridi kuliko yale yaliyolala juani. Wanawake wengine walikuwa wameanza kupanda ufukweni na mizigo yao. Mwenyekiti alikuwa amesimama mchangani, mikono kiunoni. Mke wangu hakuinua kichwa, lakini niliona mikono yake imeanza kukosea, anafunga fundo anakosa tundu, anafunga tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Nikaona mtu anatoka ufukweni anakuja kwetu, anakwenda kinyume na wote wanaopanda. Kanga ameikunja juu ya magoti, vipande vya kamba ameviuma menoni. Alikuwa yule msichana wa Vanga. Hakutuamkia. Akapita mpaka mwisho wa shamba, kwenye kina, maji yakamfika mapajani, akavuta kamba kutoka kapuni na kuanza kukaza. Na alijua kazi. Fundo moja, mbili, anavuta, anasonga mbele.

Mke wangu akasimama wima kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mdogo wangu," akamwita. "Unajua unachofanya? Nikishindwa leo, shamba hili ni lako."

"Najua, dada."

"Basi toka majini. Kaa pembeni tu. Wallahi hakuna atakayekulaumu, mimi ndiye wa mwisho kukulaumu."

Msichana alikaza fundo alilokuwa nalo, akalijaribu kwa kidole kama liko imara. Akatoa kamba menoni ili aweze kusema vizuri.

"Siku ile pale bandani ungesema ni mimi, dada, leo ningekuwa Vanga kwa mama yangu, nimeachwa. Maji yanakuja. Nipe kamba nyingine."

Mke wangu akampa.